Sodiamu wa Kaisho

Shuleni, Bukoba
10 Machi 1954

Mpendwa Taata,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na dada Kemirembe, migomba, na yule ndama mwenye jicho moja. Mimi sijambo, ila ubao wa kitanda changu umevunjika na ninalala kwa uangalifu.

Taata, leo Bruda wetu wa sayansi ametufundisha jambo lililonisisimua mwili mzima. Chumvi, hii hii tunayotia kwenye maharage, imetokana na vitu viwili. Cha kwanza kinaitwa sodiamu. Ni madini, lakini kinakatwa kwa kisu kama sabuni, na kinafichwa ndani ya mafuta ya taa kwa sababu hakipatani na maji. Bruda alitupa kipande kidogo, kama punje ya harage, kwenye beseni la maji. Kikakimbia huku na huku kinafoka, halafu pa! Moto! Mwenzangu wa dawati aliruka nje kupitia dirishani. Cha pili kinaitwa klorini. Ni hewa ya rangi ya kijani, nayo ni sumu. Wazungu waliitumia kuuana katika vita vyao vya kwanza, na aliyeivuta mapafu yake yaliungua.

Basi hiyo ndiyo chumvi, Taata. Nusu moto, nusu sumu!

Kengele ya chakula inalia na karatasi imekwisha. Yaliyobaki nitayaandika siku nyingine. Mwambie dada nasubiri kwa hamu kusikia tarehe ya harusi, na shemeji Novatus msalimie sana.

Mwanao,
Anatory


Kaisho
24 Machi 1954

Mwanangu Anatory,

Marahaba. Sisi hatujambo kwa kusema tu. Ukitaka ukweli, endelea kusoma.

Desturi yangu unaijua. Barua yako siifungui nyumbani. Naipeleka kanisani ikiwa imefungwa vilevile, na Misa ikiisha naifungua uwanjani mbele za watu, nasoma kwa sauti, asije mtu akasema mtoto wa Rwezaura kafukuzwa shule na baba yake anaficha. Jumapili nikasoma. Nilipofika kwenye "nusu moto, nusu sumu", balaa! Wanawake walipiga yowe. Baba yako mdogo Rweyemamu akasimama, akasema yeye alipokuwa askari alifundishwa kuvaa kinyago cha hewa ya sumu, kwa hiyo anathibitisha. Hakuulizwa, lakini alithibitisha.

Siku hiyo hiyo chumvi ilimwagwa kutoka hapa mpaka Songambele. Wapo waliowapa ng'ombe, wakakaa mbali kutazama kama watalipuka.

Sasa, chumvi sokoni kwetu anauza nani? Ni Mama Novatus, Eustadia, mama mkwe mtarajiwa wa dada yako. Alikuwepo pale pale uwanjani. Akanijia amejifunga kanga kiunoni, akasema, "Rwezaura, chumvi yangu umeila miaka kumi na miwili. Kama ni sumu, mbona kilichokufa ni adabu yako tu?" Watu wakacheka. Mwanangu, mimi kuchekwa siwezi. Nikamwambia mbele yao kwamba yeye ni muuza sumu, na binti yangu haolewi katika nyumba ya sumu.

Alasiri alikuja kwangu kutaka nifute maneno. Nilimwacha mlangoni. Kahawa ya kutafuna sikumpa. Unajua maana yake. Hata mdai wa ng'ombe akija kwangu anatafuna kwanza, ndipo tugombane. Kisha nikaenda kwa katekista Placidius, nikaondoa majina ya Kemirembe na Novatus, yale yaliyokuwa yatangazwe baada ya Pasaka.

Dada yako hasemi nami. Nimeamuru apike bila chumvi, naye anatii kuliko alivyowahi kutii jambo lolote tangu mama yenu afariki. Ndizi bila chumvi nimekula siku tatu sasa. Ni Kwaresima, namtolea Mungu.

Elimu yako ni kubwa. Endelea kusoma.

Taata yako,
Rwezaura


Shuleni, Bukoba
2 Aprili 1954

Mpendwa Taata,

Shikamoo sana. Mimi mwili mzima lakini moyo hauko mahali pake. Barua yako niliisoma nikakaa chini kwenye majani.

Kosa ni langu. Nilikupa nusu ya somo. Tafadhali hii isome mpaka mwisho, usikatishe hata mvua ikinyesha.

Sodiamu peke yake ni hatari. Klorini peke yake ni sumu. Lakini wakishikana, kinachopatikana si huyu wala yule, ni chumvi, na haimdhuru mtu. Nitakueleza wanavyoshikana kwa mfano wa pombe yetu ya ndizi, rubisi.

Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo mno zinazoitwa atomi. Fikiria kila atomi ni chungu cha rubisi, na wanywaji wamekizunguka kwa maduara. Wanywaji hao wanaitwa elektroni. Duara la ndani lina nafasi mbili, linalofuata lina nane. Kwa hawa ninaowasema, duara la nje likitimiza wanane, pote panatulia. Lisipotimia, hapakaliki.

Sodiamu ana wanywaji kumi na mmoja. Wawili ndani, wanane nyuma yao, na mmoja, maskini, kakaa nje peke yake ambako mrija haufiki. Huyo mmoja ndiye anayemfanya sodiamu kuwa mkali. Hamtaki, anatafuta wa kumkabidhi, hata kama ni maji, na ndipo moto unapowaka. Klorini ana kumi na saba: wawili, wanane, halafu saba. Pengo moja! Kwa ajili ya pengo hilo yuko tayari kumpora mtu hata ndani ya pafu.

Sasa wakutane. Sodiamu anamtoa yule mmoja, klorini anampokea. Sodiamu anabaki na duara la wanane, klorini naye katimiza wanane. Na kwa kuwa kila elektroni imebeba alama ya kutoa, ile ya hesabu, yaani ya kupunguza, aliyepokea anakuwa na alama ya kutoa, na aliyetoa anabaki na alama ya kujumlisha. Alama hizo mbili zinavutana, na mvuto huo ndio kifungo chenyewe. Hakuna gundi wala kamba. Wala si kama omukago, ule undugu wa wazee, ambapo watu wawili waligawana punje mbili za tunda moja la kahawa. Kugawana kupo kwa vitu vingine. Hapa mmoja anatoa kabisa, na hadai kurudishiwa.

Tena hawakai wawili wawili tu. Kila sodiamu anazungukwa na klorini sita, na kila klorini na sodiamu sita, mpaka inajengeka punje ya chumvi yenye pembe kama sanduku.

Taata, chumvi ya Mama Novatus ni safi. Nakusihi, majina ya dada yarudishwe.

Mwanao mwenye kosa,
Anatory


Kaisho
26 Aprili 1954

Mwanangu Anatory,

Marahaba, na Pasaka njema iliyokwisha pita. Mibuni imebeba vizuri. Goti langu la kushoto linauma mvua ikikaribia.

Nimeisoma siku ya Pasaka yenyewe, uwanja umejaa mpaka watu wa Nyakatuntu. Mfano wa rubisi waliupenda. Rweyemamu alisema huyo mnywaji wa nyuma asiyefikiwa na mrija anamfahamu vizuri, ni yeye, tangu harusi ya jirani yetu Projest. Nilipofika kwenye klorini sita, katekista Placidius alianza kukohoa, akaniomba niruke mstari. Alisema mwenzi mmoja anatosha hata kwa madini.

Lakini umeniponza. Niliporudia kwamba sodiamu ni mkali na hapatani na maji, sauti ikatoka upande wa wanawake: "Huyo mbona tunaye hapa?" Na mvua ikaanza kudondoka saa hiyo hiyo. Wanaume wawili wakanishika mikono, wakanikokota mpaka chini ya paa la kanisa, eti nisilipuke! Tangu siku hiyo mimi ni Sodiamu. Watoto wa kipaimara wananiamkia, "Shikamoo, Mzee Sodiamu." Klorini ni nani kila mtu anajua, ila hakuna mwenye ubavu wa kumwambia.

Mimi si mtu wa kuamini bila kuona. Nilichukua chumvi, nikaikoroga kwenye maji mpaka ikapotea, nikaanika sahani juani. Siku ya pili maji yamekauka, chumvi imerudi na vipembe vyake. Sasa nieleze, kama kifungo chao ni imara hivyo, maji yalikifungua vipi? Na jambo la pili, mwalimu wako kachanganya. Aliyetoa ndiye anayepungua. Atakuwaje yeye ndiye mwenye alama ya kujumlisha? Hata mtoto aliyepewa mihogo miwili akanyang'anywa mmoja atakwambia.

Chumvi imerudi katika kila nyumba ya Kaisho isipokuwa yangu. Nilimwambia Kemirembe atie. Akasema, "Uliamuru, Taata. Itarudi siku majina yetu yatakaporudi kanisani." Jana nilimkuta jikoni anafuta macho. Akasema ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Basi nikalegea. Nikamtuma Rweyemamu kwa Eustadia kumwambia kwamba mimi sina neno tena. Akajibu, "Yeye hana neno, mimi ninalo." Anasema mwisho wa mwezi wa sita atafunga mizigo arudi kwao Muleba, na Novatus ni mwanawe wa pekee, hawezi kumwacha mama yake aende peke yake. Kijana huyo akinikuta njiani bado ananiamkia kwa adabu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nifanyeje?

Taata yako,
Rwezaura


Shuleni, Bukoba
5 Mei 1954

Mpendwa Taata,

Shikamoo. Pole kwa goti, na pole zaidi kwa jina jipya. Barua yako nilimsomea Bruda, akacheka mpaka akavua miwani. Anasema jaribio lako la sahani ni sahihi kabisa na kuna wanafunzi wake wasiojua kulifanya.

Kuhusu maji: yanamzunguka kila mmoja na kumvuta pembeni, kama wapatanishi wabaya. Lakini hata wakiwa wametengwa, sodiamu hadai kile alichokitoa. Kwa hiyo maji yakikauka wanatafutana tena.

Kuhusu alama: kilichotolewa chenyewe kina alama ya kupunguza. Ukiondokewa na cha kupunguza, umeongezeka. Najua hutakubali.

Kuhusu Mama Novatus sithubutu kumfundisha baba yangu. Nasema tu yale ya darasani: anayeanza ni sodiamu. Asipotoa, hakuna chumvi.

Mwanao,
Anatory


Kaisho
6 Juni 1954

Mwanangu Anatory,

Marahaba. Goti limepona, tumbo limesinyaa. Miezi miwili na nusu bila chumvi si mchezo. Naota dagaa.

Nimetoa! Wewe ulisema nitoe, nikatoa kama bwana. Nilianza na mkungu wa ndizi, ule wa nyuma ya nyumba niliokuwa nautunza kwa ajili ya Padre. Akaupokea, akashukuru, akafunga mlango. Nikapeleka jogoo. Akapokea. Nikapeleka kibuyu cha rubisi, Rweyemamu akakibeba, kikafika nusu, lakini kilifika. Nikapeleka debe la maharage, nikapeleka mkeka aliousuka marehemu mama yako na ambao nilikuwa sitaki kuutoa. Nikapeleka senene wa kukaanga, bila chumvi, kwani ningeitoa wapi? Jumatatu nikapeleka kikapu cha kahawa ya kutafuna, ili ajue kwamba yale ya mlangoni nimeyasahau.

Jana nikamtuma Rweyemamu akaulize: je, majina yarudi? Eustadia akahesabu vidole mbele yake, akasema, "Mwambie Sodiamu ninavyo saba. Kimoja bado."

Kimoja kipi? Ng'ombe? Mimi ndiye baba wa binti, tangu lini baba wa binti akatoa ng'ombe? Huyu mwanamke ananichezea kwa somo lako mwenyewe. Magunia yake ameshayashona midomo. Novatus alikuja kumuaga dada yako, wakasimama kwenye migomba wakitazamana, mpaka mimi nikaingia ndani maana sikuweza kuwatazama.

Mwanangu, nina kibanja, nina mibuni mia nne, nina ng'ombe wanne na ndama. Sioni kilichobaki. Nijibu upesi.

Taata yako,
Rwezaura


Shuleni, Bukoba
14 Juni 1954

Mpendwa Taata,

Shikamoo. Barua hii, tafadhali sana, usiisome mbele za watu. Isome peke yako, ukiwa umekaa.

Nimekosa usingizi kutafuta namna ya kuandika hili. Mtoto hamwambii baba kosa lake, kwa hiyo nitasema habari za sodiamu, na wewe utanisamehe.

Sodiamu ana mali nyingi. Ana chungu, ana wanywaji kumi waliotulia kwenye nafasi zao. Hakuna anayemwomba hao. Kinachotakiwa ni yule mmoja wa nje tu. Karibu hana uzito, mizani ya kahawa haiwezi kumpima. Lakini kwa kuwa huyo bado hajamtoa, sodiamu anaishi ndani ya mafuta ya taa, peke yake, na kila kitone cha maji kinamlipua.

Taata, tangu nizaliwe nimekuona ukitoa kila kitu. Aliyekuja na njaa ulimlisha, aliyefiwa ulimchimbia kaburi. Neno moja tu sijawahi kukusikia ukilitoa, si kwa mama, si kwa baba mdogo, si kwetu. Ni neno fupi. Ulimwambia Mama Novatus muuza sumu mbele ya watu wote. Jogoo hawezi kufuta tusi hilo.

Dada ana siku chache tu zilizobaki. Ukinikasirikia nitapokea.

Mwanao anayekupenda,
Anatory


Shuleni, Bukoba
5 Julai 1954

Mpendwa Taata,

Shikamoo. Wiki tatu sijapata jibu. Posta nimekwenda mara nne, karani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Je, Mama Novatus ameondoka? Dada yukoje? Kama umekasirika, andika hata matusi, nitafurahi kuyaona.

Mwanao,
Anatory


Kaisho
12 Julai 1954

Mwanangu Anatory,

Marahaba, marahaba, marahaba. Tatu, moja kwa kila wiki niliyokuacha na wasiwasi. Sisi ni wazima. Sikuandika kwa sababu nilikuwa na kazi nyingi, na kwa sababu wiki ya kwanza nilikuwa nimekasirika kweli.

Barua yako ilifika Jumamosi, tarehe kumi na tisa. Jumapili nikaipeleka kanisani ikiwa imefungwa, kama desturi. Nikasimama, nikaifungua, nikasoma kwa sauti: "Barua hii, tafadhali sana, usiisome mbele za watu."

Mwanangu, nilikuwa tayari mbele za watu!

Ningefanya nini? Nikitia mfukoni, watasema umefukuzwa shule. Hata wale ambao huwa wanakwenda zao walirudi. Eustadia alikuwepo, mikono kifuani. Nikasema moyoni, Rwezaura, hujawahi kuficha barua. Nikaendelea. Nilisoma ya mafuta ya taa. Nilisoma ya kitone cha maji, hakuna aliyecheka. Nilipofika pale uliposema hujawahi kunisikia nikilitoa neno hilo hata kwa mama yako, sauti ilikatika. Rweyemamu akaja kunisaidia kusoma, ila hajui kusoma, akasimama tu karibu yangu.

Ni kweli. Mama yako sikumwambia. Nilikuwa na sababu za kumwambia, na muda nilikuwa nao.

Basi nikakunja karatasi. Nikamwambia, "Mama Novatus, chumvi yako ni safi. Nilikutukana hapa hapa, na nyumbani nikakuacha mlangoni. Nimekukosea. Nisamehe." Nilidhani nitalipuka. Sikulipuka.

Nikamngojea anirarue kwa ule ulimi wake.   Badala yake alifungua pindo la kanga, akatoa kahawa, ile ile niliyompelekea mimi mwenyewe. Akanipa punje moja, na yeye akatia moja kinywani, tukasimama tunatafuna kama mbuzi wawili huku watu wakipiga vigelegele. Ndipo akasema, "Nane." Halafu akamwambia Novatus aende akafungue magunia.

Majina yametangazwa Jumapili tatu, ya mwisho ilikuwa jana, na hakuna aliyeweka pingamizi. Harusi ni Jumamosi tarehe ishirini na nne. Mwombe Bruda ruhusa, na mwambie naye anakaribishwa, ila sodiamu asilete, yupo mmoja anatosha. Jina hilo sasa naliitikia.

Na lile la alama. Nilibishana nawe kwamba anayetoa hawezi kuongezeka. Nafuta. Nilirudi nyumbani siku ile natembea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, nikakuta dada yako amenitangulia, anapika anaimba. Nikamwambia naye lile neno. Linatoka rahisi kidogo mara ya pili.

Jikoni alikuwa ametia chumvi ya miezi mitatu katika chungu kimoja. Ndizi ilikuwa haifai kuliwa na mtu yeyote. Nimeila yote, nikaomba nyingine.

Taata yako,
Rwezaura